Rangi za magari ya mbio zimechuja kwa kurudiwa

Wiki ya Safari Rally inapofika, barabara ya kutoka Nairobi kwenda Naivasha hujaa Subaru za buluu zenye rimu za dhahabu. Baadhi ni Impreza za kukimbia kwelikweli. Nyingine ni magari ya kawaida, ya kupelekea watoto shule na kubebea kreti za nyanya, yaliyopitishwa kwa fundi rangi siku chache kabla. Vijana wengi walio ndani hawakuwa wamezaliwa Colin McRae aliposhinda Safari mwaka 1997 akiwa na Subaru ya rangi hiyo. Ukiwauliza rangi hiyo ni ya nani, watajibu bila kusita kwamba ni ya Subaru.

Asili yake si Subaru. Ni rangi ya sigara. Katika miaka ya 1990 kampuni ya British American Tobacco iliilipa timu ya Subaru ili magari yake yavae buluu na manjano ya sigara za State Express 555, na tarakimu hizo tatu zikaandikwa kubwa ubavuni. Mcheza mbio wa Kenya, Patrick Njiru, alimaliza wa nne katika Safari ya 1994 akiwa na Impreza, na kuanzia hapo buluu ile ikawa kama ya nyumbani. Sheria za kupiga vita matangazo ya tumbaku zilipokuja, tarakimu zikafutwa, rangi ikabaki. Leo rangi hiyo inatembea bila mwenyewe, na kila anayetaka gari lake lionekane lina mbio anajipaka.

Kwa mtu anayeamka saa kumi alfajiri kupanga mzigo wa kuvuka Namanga, Busia au Rusumo, habari za rangi za magari ya mashindano zinaweza kuonekana mchezo wa wenye fedha na nafasi. Lakini ukiziangalia vizuri ni habari za biashara tangu mwanzo hadi mwisho. Zinaonyesha jinsi kampuni inavyonunua nafasi machoni mwa watu, jinsi nafasi hiyo inavyopanda thamani, na jinsi thamani hiyo inavyotumiwa ovyo hadi ikaisha. Tena rangi hizo zimo ndani ya marobota yenyewe: kofia, jaketi, fulana, vifuniko vya usukani, stika za boneti, magari ya kuchezea ya watoto.

Mwanzoni gari la mbio lilivaa rangi ya nchi yake. Utaratibu huo ulianza mwanzoni mwa karne ya 20: Uingereza kijani, Ufaransa buluu, Italia nyekundu, Ubelgiji manjano, Ujerumani nyeupe na baadaye fedha. Mtazamaji aliyesimama kwenye kona hakuhitaji kusoma kitu. Ikipita nyekundu, ni Mwitaliano. Utaratibu huo ulivunjika mwaka 1968, baada ya baadhi ya kampuni za mafuta na matairi kuondoa mkono na wasimamizi wa mbio kuruhusu wadhamini wa nje kuweka rangi na majina yao juu ya magari.

Jambo ambalo halitajwi sana ni kwamba katika mbio za Formula One mlango huo ulifunguliwa Afrika. Tarehe 1 Januari 1968, katika uwanja wa Kyalami nchini Afrika Kusini, John Love wa Rhodesia, nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, aliingia mbioni na Brabham iliyopakwa rangi za sigara za Gunston. Lilikuwa gari la kwanza la Formula One kuvaa rangi za mdhamini badala ya rangi za taifa. Miezi michache baadaye timu ya Lotus ikatokea Ulaya ikiwa nyekundu, nyeupe na dhahabu, rangi za pakiti ya Gold Leaf, na Graham Hill akashinda nayo mashindano ya Hispania mwezi Mei. Baada ya hapo hakuna aliyerudi nyuma. Pakiti za sigara, mitungi ya mafuta na chupa za kinywaji zikageuka magurudumu.

Mapatano yalikuwa wazi kama ya muuza duka na mwenye kiambaza. Timu ilitoa ngozi ya gari, mdhamini alitoa fedha. Hakuna aliyekaa chini akasema tuchore kitu kizuri ambacho wajukuu watakipenda. Walitaka gari lionekane kwenye picha ya gazeti isiyo na rangi, kwenye televisheni yenye chenga, na kwa mtu aliye mita 200 kutoka barabarani.

Kutokana na mahitaji hayo magumu ndiyo maana nyingi kati ya rangi hizo ni nzuri kweli. Nyeusi yenye mistari myembamba ya dhahabu ya John Player Special, ambayo Lotus ilianza kuivaa mwaka 1972 na Emerson Fittipaldi akatwaa nayo ubingwa wa dunia mwaka huohuo, ina rangi mbili tu. Hakuna ua, hakuna moto unaowaka, hakuna chui anayeruka. Mistari inafuata umbo la gari mwenyewe, kwa hiyo jicho linaona gari kwanza na nembo baadaye. Martini, watengenezaji wa kinywaji wa Italia, walitumia michirizi ya buluu nzito, samawati na nyekundu juu ya nyeupe au fedha, na michirizi hiyo iliweza kuzungushwa juu ya gari la umbo lolote bila kupoteza sura. Fundi yeyote wa rangi anajua ugumu wa jambo hilo. Kuongeza ni rahisi. Kuacha nafasi tupu kunahitaji moyo.

Rangi iliyopendwa kuliko zote ni ya Gulf, samawati yenye mchirizi wa chungwa katikati. Hata hiyo haikuwa rangi rasmi ya Gulf. Kampuni hiyo ya mafuta ya Marekani ilitumia buluu nzito na chungwa. Ila ilikuwa imenunua kampuni ndogo ya California iliyoitwa Wilshire, iliyokuwa na samawati na chungwa, na Grady Davis, mmoja wa wakubwa wa Gulf, akaona mchanganyiko huo unang'aa zaidi barabarani. Kuanzia 1967 timu ya Mwingereza John Wyer ikaivaa. Gari moja la Ford GT40, lilelile, likashinda saa 24 za Le Mans mwaka 1968 na tena 1969. Kisha zikaja Porsche 917 za rangi hiyo, ambazo wapenzi wa magari hadi leo huzitaja kwa sauti ya chini kama wanaotaja jina la mpenzi wa zamani.

Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Porsche 917 ya Gulf haikushinda Le Mans hata mara moja. Mwaka 1970 ilishinda 917 nyekundu na nyeupe, mwaka 1971 ikashinda ile ya Martini. Kilichoiingiza samawati ile katika vichwa vya watu dunia nzima ni filamu ya Le Mans ya mwaka 1971, ambamo Steve McQueen anaendesha gari la Gulf. Wengi wanaobandika rangi hiyo leo wakidhani wanaadhimisha ushindi wa 917 wanaadhimisha sinema.

Kampuni yenyewe haikudumu. Katikati ya miaka ya 1980 Gulf ilimezwa na Chevron, na jina lake likagawanywa vipandevipande kwa wanunuzi wa sehemu mbalimbali za dunia. Rangi ikaendelea kuishi. Mfanyabiashara atambue hapo ukubwa wa kitu kinachozungumziwa: maghala yaliuzwa, visima viliuzwa, wafanyakazi wakaenda zao, na samawati yenye mchirizi wa chungwa ikabaki inalipa.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika hazina hii, na si ndogo. Mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa ya kuvuka mipaka kabla jumuiya ya sasa haijazaliwa, na barabara hazikufungwa. Gari la mashindano lilikutana na lori la mahindi likitoka upande wa pili. Magari ya mwanzo hayakuvaa rangi ya mtu. Yalivaa vumbi, namba mlangoni, na chuma cha kuzuia wanyama mbele ya bampa. Datsun 240Z nyekundu iliyoshinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann ilikuwa na boneti nyeusi, na weusi huo ulikuwa na kazi: kuzuia mng'ao wa jua usimpige dereva machoni. Leo boneti nyeusi inapakwa kwenye magari yanayotembea usiku tu kutoka kilabu kimoja hadi kingine.

Wadhamini walipofika, Safari ikawa kama maonyesho yao ya kila Pasaka. Ari Vatanen alishinda mwaka 1983 kwa Opel Ascona yenye buluu, nyeupe, nyekundu na dhahabu za sigara za Rothmans. Lancia za michirizi ya Martini zilishinda 1988 na 1989 zikiendeshwa na Miki Biasion, na 1991 zikiendeshwa na Juha Kankkunen. Mwaka 1993 Kankkunen akarudi na Toyota Celica iliyovaa nyeupe, kijani na nyekundu ya mafuta ya Castrol, akashinda tena. Mwaka 1999 Ford Focus ilipata ushindi wake wa kwanza wa mbio za dunia hapahapa, katika Safari, na juu yake kulikuwa na michirizi ya Martini. Mtoto aliyekaa kwenye mti kando ya barabara alizijua timu kwa rangi kabla hajaona umbo la gari, kwa kuwa lililotangulia kuonekana ni wingu la vumbi lenye doa la rangi ndani yake.

Kwa hiyo mtu wa eneo hili anapoipenda rangi ya Castrol au ya Martini haigi mambo ya wageni tu. Anakumbuka kitu alichokiona, au alichosimuliwa na baba yake. Mapenzi hayo ni halali kabisa. Shida imekuja na wingi.

Wa kwanza kulaumiwa si kijana wa Naivasha. Ni watengenezaji wenyewe. Ford walitoa GT ya rangi za Gulf katikati ya miaka ya 2000, wakatoa nyingine mwaka 2019. Aston Martin wakaivaa samawati hiyohiyo kwa miaka katika Le Mans. McLaren wakaivaa kwa mashindano mamoja ya Monaco mwaka 2021, wakauza na mavazi yake. Williams wakawaomba mashabiki wapige kura, na mwaka 2023 wakaenda Singapore, Japani na Qatar wakiwa na rangi za Gulf. Saa za mkononi zimepakwa, viatu vimepakwa, pikipiki zimepakwa. Kila tangazo husema ni heshima kwa historia. Heshima inayotolewa kila msimu kwa mtu yuleyule, ikiambatana na bei, huanza kufanana na mchango wa harusi usioisha.

Kisa cha Lotus kinaonyesha ujinga huu unaweza kufika wapi. Timu ya asili ya Lotus ilikufa mwaka 1994. Mwanzoni mwa msimu wa 2011 zilikuwepo timu mbili za Formula One zilizotaka kuitwa Lotus. Moja, ya mfanyabiashara wa Malaysia Tony Fernandes, ilitangaza kwamba itavaa nyeusi na dhahabu. Ya pili, iliyokuwa timu ya Renault, ikatangaza nyeusi na dhahabu pia. Fernandes akarudi kwenye kijani na manjano, shauri la jina likafika Mahakama Kuu ya Uingereza, na msimu ukaanza na magari ya kampuni mbili tofauti, yenye jina moja, moja kati yao likivaa rangi za pakiti ya sigara ambayo haikulipa hata senti. Walikuwa watu wazima wenye mamilioni, wakigombania koti la marehemu. Hakuna kati yao aliyefikiria kushona jipya.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo isikilizwe. Wapo wanaosema rangi nzuri haimalizwi kwa kutumiwa, kama wimbo mzuri haumalizwi kwa kuimbwa. Wanaongeza kwamba kila gari lililopakwa Martini ni somo la historia linalotembea. Kuna ukweli hapo, kwa masharti. Mwaka 1971 Porsche ilipeleka Le Mans gari la ajabu, la waridi, lililochorwa mistari na majina ya vipande vya nyama kama nguruwe buchani. Halikumaliza mbio. Watu wakalicheka, kisha wakalipenda. Porsche ilingoja hadi mwaka 2018 ndipo ikapeleka tena gari la waridi Le Mans, mara moja, uwanja uleule, na likashinda katika daraja lake. Marudio hayo yalikuwa na ladha kwa sababu aliyerudia ni mwenye mali, mahali ni palepale, na watu walikuwa wamekaa muda mrefu bila kuyaona. Lakini tukio hilo lilipokwisha, waridi ile ikaanza kuonekana kwenye magari ya watu binafsi yasiyowahi kuvuka kilomita 120 kwa saa, na ladha ikaanza kupungua.

Wauza kanga wanalielewa hili bila kufundishwa. Doti mpya ikitoka Mombasa na mchoro wake na msemo wake, wiki za kwanza inagombaniwa kutoka Marikiti hadi Kariakoo. Mwezi wa tatu wapo waliokwisha kuinakili kwa kitambaa chepesi. Mwezi wa sita kila jirani anayo, na aliyeinunua kwa bei ya juu anaitumia kubebea kuni. Mchoro haukubadilika hata uzi mmoja. Kilichobadilika ni kwamba kuivaa hakumtofautishi tena mvaaji na mtu yeyote. Wenye nyumba za zamani za kanga walijua hilo ndiyo maana walitia alama zao pembeni, na mnunuzi wa Pwani hadi leo hugeuza upindo kutafuta maneno Mali ya Abdulla kabla hajatoa fedha.

Magari yamefika mwezi wa sita. Katika East African Safari Classic Rally, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003 na ambayo matoleo yake kadhaa yamevuka kuingia Tanzania, rangi za kale zina haki ya kuwepo, kwa kuwa magari yenyewe ni ya zama hizo. Nje ya hapo, mtu anayepaka Toyota Vitz samawati na chungwa hajaifanya Vitz ionekane kama gari la Le Mans. Ameifanya samawati ionekane kama rangi ya Vitz.

Sasa mzigo wenyewe, maana ndipo fedha ya msomaji inapoweza kupotea. Bidhaa zenye majina ya Gulf, Martini, Castrol au Rothmans zinapatikana kwa jumla kwa bei za chini katika masoko ya ng'ambo, na muuzaji atakuapia kwamba ni chapa za zamani zisizo na mwenyewe. Wenyewe wapo. Kampuni zinaweza kufa na nembo zikauzwa kwa wengine, kama ilivyotokea kwa Gulf. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 na mamlaka inayoisimamia. Tanzania kazi ya kusaka bidhaa bandia iko kwa Tume ya Ushindani. Robota la jaketi zenye jina la mtu likizuiwa mpakani, hakuna afisa atakayesikiliza kwamba michirizi ilikuwa mizuri. Rangi tupu bila jina ni suala jingine, na wanasheria wanaweza kubishana juu yake hadi jioni, ila mwenye mzigo hana muda wa kungoja jioni.

Kuna na sigara. Nyingi kati ya rangi zinazopendwa zilizaliwa kwenye pakiti: 555, Rothmans, John Player Special, Marlboro, Gold Leaf, Camel. Kenya ilipiga marufuku matangazo ya tumbaku kwa sheria ya mwaka 2007, na Ulaya ilikuwa imeyafunga yale ya mbio za magari miaka miwili kabla. Kampuni za sigara zingelipa fedha nyingi leo ili mtoto wa miaka kumi avae kofia yenye jina lao kwenda shuleni, nazo haziruhusiwi kulipa. Mfanyabiashara anayeiingiza kofia hiyo na kuipanga kwenye meza yake anawafanyia kazi bure, na mteja wake ni mtoto wa jirani.

Wafanyabiashara wenyewe ndio walimu wazuri wa mambo ya rangi kuliko wabunifu wengi wa Ulaya, ingawa hawajui kwamba wanafundisha. Abiria wa mabasi ya usiku kati ya Kampala, Nairobi, Arusha na Dar es Salaam hutambua basi lake kwa rangi likiwa bado mbali, kabla hajasoma jina, pengine hata kama hajui kusoma. Mama anayepokea mzigo wa vitenge stendi anajua lori gani analingoja kwa mstari uliopita juu ya kichwa chake na rangi ya turubai. Mstari huo ulichorwa na fundi wa mtaani kwa brashi, kwa maelekezo ya mwenye lori aliyetaka lisichanganywe na jingine. Ndiyo kazi ileile aliyoifanya Grady Davis alipochagua samawati badala ya buluu ya ofisini. Kampuni mpya ya mabasi inapokuja na kupaka rangi zinazofanana na za kampuni iliyotangulia, kila mtu stendi huelewa inatafuta nini: abiria waliochanganyikiwa. Hakuna anayeiita hiyo heshima kwa historia.

Ajabu ni kwamba eneo lililozalisha michoro ya matatu za Nairobi, ubavu wa majahazi ya Lamu, na maandishi ya nyuma ya malori ya Dodoma, linapofika kwenye gari la mashindano linafungua kitabu cha wengine. Joginder Singh alishinda Safari mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, minne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, rekodi ambayo madereva wa Ulaya wenye rangi zao zote hawajaifikia katika mashindano haya. Ni nani aliyewahi kuona Probox iliyopakwa kama gari la Mehta? Stika za McQueen zinapatikana kwa urahisi zaidi.

Fundi wa stika akiulizwa atasema anatengeneza kinachoulizwa, naye ana haki. Hana kosa la kulisha watoto wake. Lakini muulizaji anaweza kuuliza kingine. Rangi mbili, mstari mmoja unaofuata umbo la gari, na nafasi tupu ya kutosha: hivyo vyote vinapatikana gereji yoyote ya Gikomba au Ilala kwa bei ileile ya kunakili Gulf, au pungufu kidogo, kwa kuwa hakuna kifaa cha kukatia nembo ya mtu. Mwenye pikapu ya kubebea vitunguu kutoka Mang'ola hadi Nairobi akipata rangi yake, wateja wake wataijua baada ya safari kumi, na siku akinunua pikapu ya pili wataitambua hiyo nayo kabla haijasimama.

Kabla ya kupaka, aangalie kadi. Kadi ya usajili wa gari, Kenya na Tanzania vilevile, huandika rangi ya gari, na rangi ikibadilishwa kadi nayo yapaswa kubadilishwa. Wengi huliacha jambo hilo hadi wanapofika kwenye foleni. Afisa aliyeshika karatasi iliyoandikwa nyeupe, huku mbele yake limesimama gari la samawati lenye mchirizi wa chungwa, hatauliza habari za Le Mans. Ataomba gari lisogezwe pembeni, na vitunguu vitakaa juani.